Aliyebaki Mwaloni

Usiku wa Julai Sumbawanga si wa kuchezea. Baridi ya Ufipa mwezi huo huingia mpaka kwenye magoti, na blanketi ukishalifunua, joto lake halirudi tena. Hata hivyo saa tisa usiku tulikuwa tumesimama nje ya kanisa, watu 39 wa jumuiya tatu, makoti juu ya masweta na vitenge juu ya makoti, tukisubiri basi litushushe ziwani. Safari hiyo ilikuwa imezungumzwa tangu Pasaka: kwenda Kipili, kupanda boti, kuvuka hadi kisiwa kimoja, kukwea kilima chake kwa miguu, kusali rozari kileleni, kula, na kurudi siku hiyo hiyo. Michango ilikusanywa kidogo kidogo kila Jumamosi baada ya sala ya jumuiya.

Naisimulia safari ile kwa sababu nataka safari kama hizo ziendelee. Nalisema hili mapema, maana habari za boti na waumini magazetini kwetu huanza na idadi ya maiti na kuishia na kiongozi anayepiga marufuku. Mimi si wa marufuku. Kijana wa Sumbawanga anayefika umri wa kuoa bila kuligusa Ziwa Tanganyika amenyimwa kitu chake, na kwa familia nyingi hapa mtu pekee anayeweza kukusanya nauli, basi na sufuria za pilau kwa siku moja ni kanisa.

Barabara ilikuwa lami hadi karibu na Namanyere, kisha vumbi. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita 770 na kitu, kwa hiyo kwenda Kipili ni kazi ya kuvua nguo. Kofia za sufu zilitoka Chala, masweta Namanyere, na tulipoyaona maji kila mtu alikuwa na jaketi mkononi asilojua alifanyie nini. Majaketi ya baridi tulikuwa nayo wote. La majini hakuna aliyeliulizia.

Sisi watu wa juu tunaliona ziwa kama mali ya wengine. Ni la wavuvi wa Kirando, la Wakongo, la wenye mizigo. Kwetu ni mahindi, maharage na ulezi. Ziwa tunalijua likiwa limekaushwa, dagaa na migebuka kwenye beseni sokoni. Wazee wanakumbuka MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyoundwa mwaka 1913, ikazamishwa vitani mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa na kuirudisha kazini mwaka 1927. Wanakumbuka ilivyokuwa ikisimama mbali na ufuko na mitumbwi kuifuata, abiria akipokewa ubavuni pamoja na mbuzi wake. Lakini hata kumbukumbu hizo wanazisimulia kama mambo ya ugenini.

Ni ajabu, kwa sababu Ukristo wa Ufipa ulipanda kutoka majini. Mapadre Weupe walikabidhiwa kituo cha Wabelgiji pale Karema, ufukweni kabisa, mwaka 1885, na kutoka huko ndiko misheni zilikokwea kuja nyanda za juu. Karema ndiko alikofanya kazi Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika ziwani mwaka 1889 na kuwatibu watu kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya hospitali iliyopo mjini. Jimbo lenyewe liliitwa Karema mpaka mwaka 1969, likabadilishwa kuwa la Sumbawanga. Na mwaka 2000 Karema ikaangukia upande wa jimbo jipya la Mpanda. Tangu hapo tumelipa ziwa kisogo. Mtu anapowapeleka vijana huko, hata kwa pikiniki, anawarudisha kwa bibi yao.

Mbele ya Kipili kuna visiwa kadhaa: Mvuna, Ulwile, Lupita palipojengwa hoteli ya watalii wenye fedha, na vingine vidogo. Tulichokwenda sisi sitakitaja, kwa kuwa mwenye boti ni mtu wa huko na ana watoto wa kulisha, na kosa nitakalolieleza lilikuwa letu kuliko lake.

Kijana wa boti alitupokea kwa adabu. Boti ilikuwa ya mbao, ndefu, injini imefungwa nyuma.

"Shikamooni wazee. Hii inabeba watu 25."

"Marahaba mwanangu," akajibu mwenyekiti wetu. "Sisi tuko 39."

"Basi tutakwenda raundi mbili."

"Raundi mbili ni mafuta mara mbili?"

"Ndiyo mzee. Mafuta hayana ujamaa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, alikuwa akipiga hesabu ya michango kichwani. Kisha akasema neno ambalo nimelisikia maisha yangu yote katika jumuiya, na ambalo siku nyingine zote ni neno zuri: "Hatuachi mtu. Tumetoka pamoja, tutafika pamoja. Tubanane tu." Wamama wakaanza wimbo. Kijana akatutazama, akaitazama fedha, akafungua kamba. Mimi, niliyesoma na ninayeandika gazetini, nilijibana kati ya sufuria la wali na mpiga kinanda na sikusema kitu. Wenzetu wa Dar es Salaam hututania kwamba Mfipa husafiri kwa ungo; siku ile tungekuwa na nyungo zetu, mabishano yasingekuwepo.

Mtu mmoja hakupanda. Mhazini wetu, mama mtu mzima, alishika nguzo ya kibanda cha mama lishe na kusema, "Nendeni wanangu. Mimi maji ya ndoo yananitosha." Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akatoa daftari la michango, na kila aliyepita kwenda botini akamtaka aseme jina lake na namba ya simu ya mtu aliyebaki nyumbani. Majina mengi alikuwa nayo tayari, maana yaliandikwa kwa sababu ya hela: fulani kamaliza, fulani bado elfu tatu. Sasa akaongeza safu nyingine kwa kalamu nyekundu. Vijana wakamtania, "Mama, unatuandikia rambirambi?" Hakuwajibu. Alimrudisha mmoja aliyemtajia namba yenye tarakimu pungufu.

Tuliondoka 38 kwenye boti ya 25. Ukingo ulikuwa shubiri moja na nusu juu ya maji. Nilipima kwa mkono wangu, kwa siri, kama mtu anayejipima homa.

Nimelifikiria sana neno lile, hatuachi mtu. Ajali za boti tumezoea kuzieleza kwa dhambi: tamaa ya mwenye chombo, rushwa, ulevi wa nahodha. Zipo. Lakini botini mwetu hakukuwa na mlevi wala mla rushwa. Tulijaza boti kwa fadhila. Upendo ulikataa kumwacha mtu, uwekevu ukakataa kulipa mafuta mara mbili, utii ukamnyamazisha kila aliyeona, na imani ikatufanya tuimbe. Kikundi cha wahuni kingegombana pale pale mwaloni, nusu wangesusa, na boti ingeondoka na watu 20. Sisi, kwa kuwa tunapendana, tulibanana.

Tarehe 30 Julai 2023, siku ya Jumapili, wilayani Bunda mkoani Mara, waumini waliokuwa wakitoka kanisani walipinduka na mtumbwi katika Ziwa Victoria. Mtumbwi wa pili uliwafuata kuwaokoa, nao ukapinduka. Watu zaidi ya kumi walikufa, watoto wakiwamo. Nilisoma habari ile mara mbili, na kilichonishika ni ule mtumbwi wa pili. Waliokuwa humo hawakupinduka kwa uzembe. Walipinduka wakifanya kile kile tulichofundishwa tangu komunyo ya kwanza. Siku tano kabla, tarehe 25, dunia ilikuwa imeadhimisha siku ya kuzuia vifo vya majini, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Sidhani kama ilitangazwa katika kanisa lolote la mwambao, na nasema hivyo bila kumcheka mtu. Kwetu pia haikutangazwa.

Wahubiri wetu wakitaka mahubiri ya maji huchukua ile dhoruba ya Galilaya, Bwana amelala kwenye mto, wanafunzi wanapiga kelele. Ni mahubiri mazuri kwa mtu aliye nchi kavu. Kwa wanaosafiri ningependa wachukue sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, safari ya Paulo kwenda Roma. Pale mtume anaonya kwamba msimu umekwisha na safari ni hatari, na akida anawasikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Meli inavunjika. Wote wanafika ufuoni, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Na Luka, ambaye mapokeo husema alikuwa tabibu, anaandika jambo ambalo mhubiri hulipita haraka kama mtu anayeruka dimbwi: idadi. Walikuwa watu 276. Hakuandika kwamba walikuwa wengi, wala kwamba walikuwa 300 hivi. Mtu fulani katika meli ile aliwahesabu, na kwa sababu hiyo, ilipovunjika, iliwezekana kujua kwamba hakupotea hata mmoja.

Sisi na elimu yetu yote tumeshindwa hesabu hiyo. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imepita mno uwezo wake wa abiria 430, na mpaka leo idadi ya waliokufa hutofautiana kwa mamia kulingana na unayemuuliza. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliookolewa walikuwa 41 na waliokufa walizidi 220. Kwa siku kadhaa taifa zima lilijifunza idadi ya waliopanda kwa kuhesabu maiti waliotolewa.

Kisiwani, lakini, tulifurahi, na lingekuwa kosa jingine kulificha. Ufukweni dagaa walikuwa wameanikwa kwenye vichanja, wanang'aa kama sindano. Watoto walitukimbilia, na kabla hatujawaamkia wakapaza sauti, "Tumsifu Yesu Kristu!" Tukaitika, "Milele amina," na wale waliokuwa wamepauka kwa woga wa maji wakapata damu tena usoni. Kisha tukaanza kukwea. Kupanda tunakujua. Mtu aliyezaliwa chini ya milima ya Mbizi hapumui kwa shida juu ya kilima cha kisiwa, na wamama waliokuwa wakifumba macho botini sasa walikuwa mbele, viatu mkononi, wakiruka kutoka jiwe hadi jiwe wakiwacheka vijana wenye raba. Mawe yale ni makubwa kama nyumba, mengine yameegemeana kana kwamba yanasengenya. Miti ya miombo ilikuwa imeanza kupukutisha majani. Mpiga kinanda, mtu mnene, alipumzika kila baada ya fumbo moja la rozari, na tulimsubiri.

Juu kabisa, mazungumzo yalikoma yenyewe. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa kama moshi uliosahaulika. Nyuma yetu kulikuwa na ukuta wa nchi tuliyotoka, na kwa mara ya kwanza niliona Ufipa kama anavyouona mvuvi: kitu kirefu, cha buluu, chenye mawingu. Chini yetu maji yalikuwa safi kiasi kwamba mawe yalionekana yamelala kama ng'ombe. Mwalimu mmoja kati yetu alieleza kwamba ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na kwamba wale samaki wadogo wenye mistari tuliowaona ufukweni ni wa jamii yenye aina 250 hivi, karibu zote hazipatikani ziwa jingine lolote, ndiyo maana Wazungu huwafuga kwenye matangi ya kioo sebuleni. Mama mmoja akauliza kama wanaliwa. Mwalimu akasema ni wadogo. "Basi wana haki ya kuwafuga," akasema mama.

Tulisali. Tulikula. Jua likageuka. Tangu Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki hulisukuma ziwa hili, na alasiri ile ulitukuta tukiwa katikati. Mawimbi hayakuwa makubwa. Mvuvi wa Kirando angeyaita mchezo. Lakini kwa ukingo wa shubiri moja na nusu, mchezo ulitosha kuingia ndani na kutulowesha mapaja. Wimbo ulikatika katika ubeti wa tatu. Kijana wa boti akapaza sauti asisimame mtu hata mmoja, na kwa mara ya kwanza siku ile tukamtii yeye badala ya mwenyekiti. Nilimwona baba mmoja akifungua kamba za viatu vyake polepole, asionekane na mkewe. Katika watu wote wa boti ile, waliojua kuogelea nadhani walikuwa watatu, na mmoja wao ndiye aliyeshika injini.

Hakuna kilichotokea, tukafika. Na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko mawimbi, kwa sababu jioni hiyo hiyo mwaloni nilisikia watu wakisema, "Mmeona? Alikuwa anasema 25." Kufika salama kukageuka ushahidi dhidi ya aliyetuonya. Mwaka unaofuata kikundi kingine kitaambiwa kwamba wenzao walikwenda 38, mbona wao wanaogopa 40. Mbao za boti zitakuwa na mwaka mmoja zaidi.

Nini kifanyike? Serikali ina Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, lenye jukumu la kukagua vyombo, na likaze uzi. Lakini hakuna mkaguzi atakayesimama kila mwalo kuanzia Kabwe hadi Kasanga saa mbili asubuhi ya Jumamosi. Kanisa lina watu hao tayari. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976, zina mwenyekiti, katibu na mhazini kwa kila nyumba chache. Hakuna ofisi mkoani Rukwa inayojua ni nani hakulala kwake jana kama jumuiya inavyojua. Chombo hicho tunakitumia kukusanya zaka na kupanga zamu za kufagia. Kwa boti hatukitumii.

Parokia nyingi zina stoo. Humo kuna viti vya plastiki, turubai, masufuria ya arusi, vyote vikikodishwa kwa bei ya kanisa. Sioni kwa nini humo humo pasiwe na majaketi 40 ya kujiokolea, yakiazimwa na akina mama wa WAWATA, vijana, kwaya, hata na jirani zetu Wamoravian wakiyahitaji. Tumechangia vinanda vya bei kubwa kuliko hayo. Na nani atakayesema hapana? Hilo ndilo gumu kuliko fedha. Katika jumuiya hatuna cheo cha mtu wa kukataa. Anayekataa tunamwita mwenye roho ngumu. Ningependa katika kila safari ya maji awepo mtu mmoja ambaye kazi aliyopewa mbele ya wote ni kumuuliza nahodha idadi, kuhesabu vichwa, na kusimamisha wimbo ikibidi. Ningependa pia awepo anayebaki. Tumezoea kumwona anayebaki kuwa mwoga, au mtu wa imani haba. Siku ile woga wa yule mama ndio pekee uliokuwa na kalamu.

Maana tuliposhuka alikuwa amekaa pale pale kwenye ndoo. Hakutuuliza safari ilikuwaje. Alifungua daftari na kuanza kuita majina kwa sauti ya mahudhurio, na sisi, tumelowa, tuna haraka ya basi, tukawa tunaitika huku tukikamua vitenge. Alipofika ukurasa wa pili aliita jina la kijana mmoja wa kidato cha pili. Kimya. Akaita tena. Mmoja akasema, "Yupo, nilimwona." Wapi? "Botini." Upande gani? Hakujua. Rafiki zake wakatazamana, na mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba alipomwona mara ya mwisho alikuwa amelala chini ya mti, kule kisiwani, baada ya kula.

Watu 37 tulikuwa tumevuka ziwa tukiimba kwamba hatuachi mtu.

Kijana wa boti hakuomba hela. Alivuta injini, akaondoka peke yake, boti ikiwa nyepesi, pua imeinuka juu ya mawimbi. Hakuna aliyepanda basi. Mwenyekiti alikwenda kukaa kwenye mawe mbali kidogo na sisi. Jua lilizama upande wa Kongo, mama lishe akawasha taa yake, na yule mama akabaki na daftari wazi magotini, kidole kwenye mstari usio na alama.

Ilipita saa moja na zaidi kabla hatujasikia injini. Yule wa kidato cha pili alishuka akiwa na usingizi usoni na mkebe wa dagaa aliopewa na watu wa kisiwani. Mama alikuwa amesimamia ubatizo wa wenzake watatu katika jumuiya, na alimjua yeye tangu akibebwa mgongoni. Hata hivyo alimwangalia juu ya miwani na kumuuliza jina lake. Kijana akalitaja. Akamwambia alitaje lote. Akalitaja lote. Mama akaweka alama, akafunga daftari, akainuka kutoka kwenye ndoo akishika kiuno.

"Haya," akasema, "pandeni basi. Na hao waliobakiza elfu tatu tatu nawajua."